Mavazi na Asili (Sehemu ya Pili): Mjukuu wa Mskoti na Haki ya Kuvaa Kilti

Juma lililopita tulimaliza habari za kanzu: ilivyotoka pwani, ikapanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19 hadi Buganda, na leo Mganda haendi ukweni kujitambulisha bila kanzu na koti juu yake. Makala ile ilimfanya kijana mmoja wa hapa Usagara, Tanga, aniletee swali. Babu yake mzaa mama alikuwa Mskoti wa mashamba ya mkonge. Jamaa wa upande huo wamemwalika harusini Inverness, kaskazini mwa Uskoti, na wamemwarifu kwamba wanaume watavaa kilti. Anauliza: nina haki ya kuivaa, au nitakuwa kichekesho?

Tuijue kwanza nguo yenyewe, maana wengi wetu tumeiona pichani tu tukasema ni sketi. Kilti ni kitambaa kizito cha sufu, yadi 8 hivi, yaani zaidi ya mita 7, kinachozungushwa kiunoni. Mbele ni bapa, nyuma kimepigwa marinda, na upindo wake unaishia katikati ya goti. Kwa kuwa haina mifuko, mbele hutundikwa kipochi cha ngozi. Miguuni huvaliwa soksi ndefu za sufu, na ndani ya soksi moja, aghalabu ya kulia, huchomekwa kisu kifupi. Mtu wa pwani aliyewahi kumwona bwana harusi katika kanzu na joho, jambia kiunoni, hatashangaa. Silaha iliyogeuka pambo tunaijua. Wanawake wa Uskoti kwa kawaida hawavai kilti hiyo. Wao hupitisha mtandio wa miraba begani juu ya gauni.

Miraba hiyo ndiyo tartani, na ndiyo inayowatia watu hofu. Wageni wengi wenye asili ya Uskoti, hasa wa kutoka Kanada, Marekani na Australia, huamini kwamba kila ukoo una miraba yake tangu kale, na kwamba kuvaa ya ukoo mwingine ni kosa kubwa. Nao Waskoti, kwa kuwa wanauza vitambaa, hawana haraka ya kuwasahihisha.

Ukweli una mikunjo mingi kuliko kilti. Vazi la zamani la watu wa milima ya kaskazini lilikuwa shuka moja kubwa: mtu alijifunga kiunoni, sehemu ya juu akaitupia begani, na usiku akajifunika hiyo hiyo. Kilti fupi ya leo ilienea katika karne ya 18. Simulizi inayotajwa sana humpa sifa Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma kule milimani katika miaka ya 1720, kwamba ndiye aliyeikata shuka nusu ili wafanyakazi wasisumbuke. Waskoti wengi hawapendi kuisikia.

Tena lilikuwa vazi la milimani, si la nchi nzima. Fikiria Waskoti waliojulikana kwetu. Mpelelezi Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 hivi, alipanda kutoka Pangani kwenda Usambara mwaka 1879 pamoja na Keith Johnston, Chuma akiwa kiongozi wa wapagazi. Alizaliwa Penpont, kusini kabisa. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja aliyemsukuma Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, alitoka Angus, pwani ya mashariki. Mababu wa watu wa tambarare kama hao waliwaona wavaa kilti kuwa washenzi na wezi wa ng'ombe. Kitukuu wa Mskoti wa kusini akivaa kilti leo, anavaa nguo ambayo babu wa babu yake angeikimbia.

Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kushindwa vitani Culloden, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume wa Uskoti. Adhabu ilikuwa miezi 6 jela. Aliyerudia alipelekwa ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa ni askari wa mfalme. Marufuku iliondolewa 1782, na kufikia hapo vazi la watu maskini lilikuwa limekwisha kuwa vazi la jeshi, likielekea kuwa la mabwana. Na miongoni mwa mabwana hao walikuwamo waliowafukuza wapangaji wao mashambani ili wafuge kondoo. Wajukuu wa waliofukuzwa ndio wanaorudi leo kutoka Kanada kutafuta miraba ya ukoo.

Mgeni mashuhuri kuliko wote mwenye damu ya Uskoti aliyevaa kilti alikuwa mfalme. Agosti 1822, George IV alifika Edinburgh, mfalme wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Uskoti kwa karibu miaka 170. Asili ilikuwepo: alitoka katika kizazi cha James VI wa Uskoti. Sherehe ziliandaliwa na mwandishi Walter Scott, aliyewataka mabwana wote waje katika mavazi ya milimani, hata wale wa tambarare. Mfalme alitumia zaidi ya pauni 1,300 kwa mavazi yake, pesa za kutisha wakati ule. Alikuwa mnene kupita kiasi, kilti ikawa fupi, na chini yake alivaa soksi za kubana za rangi ya waridi. Watu walicheka. Mchoraji David Wilkie alipoichora picha yake, aliirefusha kilti na kuziondoa soksi zile. Wachoraji wa ikulu wana huruma zao.

Hata hivyo, kicheko hakikuiua nguo. Baada ya ziara ile kila bwana alitaka miraba ya ukoo wake, na viwanda vya kufuma, hasa cha akina Wilson wa Bannockburn, vilikuwa tayari kuiuza. Vitambaa vingine vilivyokuwa na namba tu vikapewa majina ya koo. Mwaka 1842 ndugu wawili waliodai kuwa wajukuu wa mwanamfalme Charles Edward Stuart walitoa kitabu cha tartani, wakisema wameinakili hati ya kale. Wataalamu walipotaka kuiona hati hiyo, haikuonekana. Kitabu kilikuwa cha kughushi, lakini baadhi ya miraba yake huvaliwa hadi leo kwa fahari, na sioni ubaya: nguo ambayo watu wameolea na kuzikwa nayo kwa vizazi sita imekwisha kuwa ya kweli.

Niweke kando uvumi mmoja unaopendwa na waongoza watalii, kwamba shuka ya Kimasai yenye miraba ilitoka kwa wamisionari wa Kiskoti. Nguo za miraba zilikuwa zikishushwa pwani hii kutoka Maskati na India kabla Mskoti hajafungua kanisa bara. Wazee wanaikumbuka debwani, mojawapo ya nguo hizo.

Turudi kwenye haki. Hakuna sheria inayomkataza mtu tartani ya ukoo fulani. Ofisi ya Lord Lyon, Edinburgh, huamua mambo ya nembo za kiukoo, si ya vitambaa. Daftari la Tartani la Uskoti, lililoanzishwa kwa sheria ya 2008 na kufunguliwa 2009, huandikisha miraba, halihukumu wavaaji. Iliyofungwa kwa heshima ni ile ya Balmoral, iliyobuniwa na Prince Albert 1853, ambayo ni ya jamaa ya kifalme. Na asiye na ukoo ana tartani za wote, kama ile ya kijani na buluu nzito ya kikosi cha Black Watch. Kijana wetu, damu yake imepitia kwa mama. Hilo halimzuii huko, na Mdigo wa Mkinga, aliyezoea ukoo wa upande wa mama, hatalishangaa hata hapa.

Afrika Mashariki imewahi kuona kilti ikivaliwa vibaya. Idi Amin, aliyetumikia King's African Rifles chini ya maofisa wa Kiskoti, alijitangaza mfalme wa Uskoti na akawavika wapiga zumari wake kilti. Hakuwa na tone la damu hiyo, lakini tatizo halikuwa damu. Nguo ya watu aliifanya fimbo ya kuwakejeli Waingereza, huku raia wake wakiuawa. Watanzania waliokwenda Kagera 1978 hawana haja ya kuelezwa mtu huyo.

Mfano wa kuuelekea ni mwingine. Humza Yousaf alizaliwa Glasgow 1985. Mama yake alizaliwa Kenya katika familia ya Kipunjabi. Babu yake upande wa baba alifanya kazi katika kiwanda cha Singer, Clydebank, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Cherehani nyingi nyeusi za Singer zilizoenea katika himaya ya Uingereza zilitoka katika kiwanda hicho, na huenda fundi wako wa Ngamiani anakanyaga moja. Mei 2016 Yousaf aliapishwa bungeni akiwa amevaa kilti, akala kiapo kwa Kiurdu. Mwaka 2023 akawa Waziri Kiongozi wa Uskoti, Mwislamu wa kwanza kushika cheo hicho. Hakuwa mwana wa ukoo wa milimani, na hilo halikumzuia kuivaa.

Basi, kijana, vaa. Usinunue, kilti mpya ya kushonwa kwa mkono ni mamia ya pauni, na Inverness kuna maduka ya kukodisha. Waulize wenyeji wako wanavaa miraba gani, na wakikupa ya kwao, hiyo ndiyo ruhusa kubwa kuliko daftari lolote. Marinda yakae nyuma (wageni wengi huigeuza), na pini ya pambo ya mbele ishike pande la juu tu la kitambaa, si mapande yote mawili. Kisu, kama utabeba chako, kiwe katika mzigo unaokabidhiwa, usipande nacho kwenye ndege. Ukiwa Uskoti sheria inakitambua kuwa sehemu ya vazi la taifa.

Ile dhihaka kwamba ndani ya kilti havaliwi kitu, iachie wenyewe. Wewe ni Mwislamu, na stara ya mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, wakati kilti ukikaa hupanda. Vaa kaptura ya kufika magotini ndani, na unapoketi pitisha mkono nyuma uyalaze marinda. Na kama magoti yatakusumbua moyo siku nzima, vaa kanzu yako nyeupe na joho, uende. Wenyeji wako watafurahi vilevile.

Juma lijalo: debwani, nani aliivaa na kwa nini ilipotea.