Panya wa maabara na siri ya virusi viletavyo saratani ya damu

MWAKA 2002 madaktari wa Paris, Ufaransa, walikumbana na jambo la kusikitisha. Watoto wawili wa kiume, waliozaliwa bila kinga ya mwili na kutibiwa kwa kupandikizwa jeni nzima, walipatwa na saratani ya damu, yaani leukemia. Chombo kilichobeba jeni hiyo hadi ndani ya seli za uboho kilitengenezwa kutokana na kirusi cha panya kiitwacho Moloney, kilichokwisha kunyang'anywa uwezo wa kuzaliana.

Kirusi hicho hakikuwa kigeni kwa wanasayansi. Historia ya jamii yake inaanzia New York, Marekani, ambako Dk. Ludwik Gross, mzaliwa wa Poland, alifanya utafiti katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx. Wengi waliamini wakati huo kuwa leukemia ya panya ni ugonjwa wa kurithi tu. Gross alichukua viungo vya panya wa ukoo wa AKR, ambao wengi wao huugua leukemia, akavisaga na kuchuja rojo lake hadi isibaki seli hata moja. Kisha akawadunga panya wa ukoo wa C3H, ambao ni nadra kuugua.

Panya wakubwa hawakudhurika. Vichanga waliodungwa kabla ya kutimiza siku moja waliugua baadaye. Alipotangaza matokeo hayo mwaka 1951, wenzake wengi walimbeza, hasa kwa kuwa waliojaribu kuyarudia walishindwa. Shaka ilipungua mwaka 1957, Dk. Charlotte Friend alipoeleza kirusi kingine kinachowaambukiza hata panya wazima. Cha Moloney kilifuata mwaka 1960, na cha Rauscher mwaka 1962.

Ajabu ni kwamba waliosema ugonjwa ule hurithiwa nao hawakukosea kabisa. Ilikuja kubainika kuwa panya wa AKR hurithi kirusi chenyewe, kikiwa kimejificha ndani ya vinasaba vyao.

Kinajifichaje? Mwaka 1970 David Baltimore, akitumia kirusi cha Rauscher, na Howard Temin, akitumia kirusi cha kuku, waligundua kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi kuwa DNA. Nakala hiyo hujipachika katika vinasaba vya seli. Kirusi cha Moloney hakina jeni yake ya saratani. Hatari iko pale kinapotua. Kikitua jirani na jeni inayosukuma ukuaji wa seli, huiamsha, mithili ya mgeni anayefungua bomba la jirani na kuliacha likitiririka.

Kwa mtafiti, tabia hiyo ni hazina. Akikuta kirusi kimetua mahali palepale katika uvimbe wa panya wengi, anajua jirani pana jeni ya saratani. Jeni ya Pim-1 ilipatikana hivyo mwaka 1984, na binadamu nao wanayo.

Huko Paris, chombo kilikuwa kimetua karibu na jeni ya LMO2, iliyokwisha kujulikana katika leukemia ya binadamu. Hatimaye, kati ya watoto 20 waliotibiwa Paris na London, wasiopungua watano waliugua leukemia na mmoja alifariki. Hata hivyo, wengi wao walipata kinga ambayo wasingekuwa nayo. Vyombo vilivyobuniwa baadaye vimeondolewa sehemu inayoamsha jeni jirani.

Msomaji asidhani kuwa leukemia huambukizwa kama mafua. Nyingi za binadamu hazitokani na virusi. Kinachojulikana vyema ni HTLV-1, kilichotangazwa mwaka 1980, ambacho huenezwa kwa kunyonyesha, kujamiiana na damu. Kipo Japani, visiwa vya Karibi na Afrika ya Kati, na ni sehemu ndogo tu ya walio nacho huugua leukemia, tena baada ya miongo kadhaa. Kwa kuwa hakishiki vizuri katika seli za panya, watafiti huwapandikiza panya wasio na kinga seli za damu za binadamu, kisha huwaambukiza na kuwafuatilia.