Kundi Lililoning'inia Tawini

Sogeeni kivulini, wanangu. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Mjomba, nyuki nao huhama?" Swali zuri hilo! Mwenye swali kama hilo namkatia kipande cha sega, na nta yake.

Huhama, mwanangu. Twendeni Welisi, nchi ya milima, mvua na kondoo, magharibi mwa kisiwa cha Uingereza. Kule kuna mto Teifi, na bonde lake ni la kijani tupu. Mwezi Mei, mvua ikikatika na jua likawaka, nyuki huhama.

Kwa nini? Chungu kikichemka hadi kifuniko kikainuka, uji huenda wapi? Humwagika. Na mzinga ukijaa, humwagika. Lakini anayetoka ni malkia mzee. Nyumba humwachia binti. Mama ndiye anayehama! Nawajua wazee wasioweza hilo.

Hutoka kwa maelfu, kisha hushikana kwenye tawi, nyuki juu ya nyuki, kama ndevu za babu.

"Hawaumi?" Mara chache. Wameondoka wameshiba asali. Hawana watoto wa kulinda, hawana ghala. Wagombee nini? Ila msijaribu kwa nyuki wa kwetu. Hasira zao mnazijua.

Msikilizeni nyuki mpelelezi: "Natafuta nyumba. Nataka pango la mti, nafasi ya ndoo mbili kubwa, mlango mdogo, juu kabisa. Nikilipata, narudi na kucheza ngoma juu ya migongo ya wenzangu. Nikitikisa kiuno kwa muda mrefu, ni mbali. Nikitikisa kidogo, ni karibu. Mwenzangu ameona kwingine, naye anacheza yake. Atakayepata wafuasi wengi, huko ndiko tunakwenda."

Ngoma haijaisha, bibi mfugaji huyo! Ana kapu lililosukwa kwa majani makavu na shuka jeupe. Anatandika shuka chini ya mti. Analeta kapu chini ya kundi. Anatikisa tawi mara moja: pu! Nyuki wanaanguka kama ugali unaopakuliwa. Analifudikiza kapu juu ya shuka na kuegemeza ukingo kwenye jiwe, ili mlango uwepo. Kisha anafanya nini? Anakaa chini.

Nyuki wachache wanasimama mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa. Wanatoa harufu inayofanana na mchaichai. Harufu hiyo inasema: mama yumo humu! Basi waliobaki wanapanda shuka kwa miguu, msururu mrefu, kama watu waendao harusini. Bibi hafungi kapu hadi jioni, kwa sababu wapelelezi wengine bado wako njiani.

Zamani kule Welisi, sheria zinazoitwa za mfalme Hywel Dda zilipanga bei ya kundi la nyuki, na zikasema asili ya nyuki ni Peponi. Sijasoma sheria tamu kama hiyo.

"Watakula nini?" Ah, wewe utafika mbali! Akiba ya tumboni ni ya siku chache. Na Juni ina njaa yake: maua ya mwanzo yamekwisha, ya kiangazi hayajafunguka. Bibi huwapa maji ya sukari, kama uji wa mgonjwa. Julai vichaka vya miiba vyenye matunda meusi huchanua, na klova nyeupe malishoni mwa kondoo. Agosti milima hugeuka zambarau kwa maua ya hetha. Asali ya hetha ni nzito, haitiririki, unaichota kama jeli.

Kando ya mto kuna ua jingine, la rangi ya waridi, lililoletwa kutoka Himalaya mwaka 1839. Wenyeji huling'oa, maana linasonga mimea yao. Nyuki hulipenda. Mimi nawapa haki wote wawili. Nyuki akiingia humo, chavua nyeupe humpaka mgongo mzima, utadhani ametoka mashine ya kusaga.

Akifika nyumbani, walinzi humzuia mlangoni.

"Nani wewe, mweupe hivi?"

Hunusa. Hunusa tena.

"Aa, ni wetu huyu. Pita."