Mteja Aliyekutafuta Akakukosa

Ipo methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mambo ya tabia za watu huenda methali hiyo ina ukweli wake, lakini katika biashara imewaponza wengi. Pale Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kitenge kizuri kimekaa jirani na kitenge kibaya, duka kwa duka, ghorofa kwa ghorofa, na mnunuzi aliyetoka Mbagala au Kimara na nauli yake mkononi hana muda wa kuvikagua vyote. Atanunua kwa yule aliyemwona mapema na kumwelewa haraka. Ndiyo maana wafanyabiashara wenyewe wana msemo wao, kwamba biashara ni matangazo.

Juma hili basi tuyatazame matangazo ya mfanyabiashara mdogo, yule mwenye fremu moja, au meza moja, au hata asiye na meza bali anauzia sebuleni kwake. Zamani huyu alikuwa na kibao cha mbao na sauti yake mwenyewe. Siku hizi ana simu ya mkononi yenye intaneti, na ndani ya simu hiyo mna vyombo ambavyo miaka 30 iliyopita hata kampuni kubwa hazikuwa navyo. Vingi kati ya hivyo havilipiwi. La kushangaza ni kwamba kosa linalofanyika kwa vyombo hivi vipya ni lile lile la kale: mnunuzi anamtafuta muuzaji, asimpate.

Tuanze na bei. Mtu anaweka picha ya gauni kwenye Instagram, gauni limekaa vizuri, watu wamelipenda, na chini yake anaandika: "Bei njoo inboksi." Wenye kufanya hivyo wana sababu zao. Wengine wanaogopa jirani asiione bei yao akapunguza yake. Wengine, tusema ukweli, wanataka kwanza kumpima mteja kwa namna anavyoandika, ndipo wamtajie bei inayomfaa. Lakini mteja naye si mtoto. Akiona bei imefichwa anaelewa kwamba hapa bei ni ya sura ya mtu, naye anapita zake. Na yule jirani anayeogopwa? Huyo hutuma kijana wake kuuliza, na bei anaipata kabla ya adhuhuri.

Hasara nyingine ni ya muda. Mwenye kuficha bei hulazimika kujibu swali moja mara hamsini kwa siku. Dukani kuna watu, mkono mmoja unapima kitambaa, mwingine unaandika jibu. Anapokuja kujibu saa nne usiku, aliyeuliza saa nne asubuhi amekwisha kununua kwingine. Ni kweli zipo kazi ambazo bei yake haiwezi kutajwa moja kwa moja, kama za fundi wa samani ambaye hajui mteja anataka mninga au mbao laini. Hata huyo anaweza kuandika kwamba kabati za namna hii zinaanzia kiasi fulani. Mteja hapo atajua kama mfuko wake unafika au haufiki, na hakuna aliyepotezewa muda.

Chombo kinachomfaa mtu huyu kipo. Tangu mwaka 2018 kuna WhatsApp ya biashara, ambayo ni tofauti na ile ya kuwasiliana na shangazi, na zote mbili zinaweza kukaa katika simu moja kwa namba mbili. Hiyo ya biashara ina mahali pa kuandika saa za kufungua na kufunga, na mahali pa kupanga bidhaa, kila moja na picha yake na bei yake, kama rafu ya dukani. Ina majibu ya haraka, yaani lile swali la mara hamsini unaliandikia jibu mara moja tu, kisha unaliita kwa kubonyeza alama ya mkwaju na neno fupi. Ina salamu inayojituma yenyewe ukiwa umefunga, ikimwambia mteja utarudi saa ngapi. Inayo pia alama za rangi za kuwatenga wateja: huyu amelipa, huyu anadaiwa, huyu anasubiri mzigo. Wengi wameiweka simuni na wanaitumia kama ile ya kawaida. Ni sawa na kununua cherehani ukashona kwa mkono.

Jambo jingine dogo. Mteja asilazimike kuihifadhi namba yako ndipo akuandikie. Andika wa.me, kisha mkwaju, kisha 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu akibonyeza maandishi hayo, mazungumzo yanafunguka papo hapo.

Baada ya bei, mahali. Maelekezo yetu tunayajua wenyewe: shuka kituoni, ingia uchochoro wa pili, ulizia kwa mama muuza maandazi. Mama akiumwa siku hiyo, biashara imelala. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Kibao hicho kidogo kilicho juu ya mlango ni mali ya biashara, lakini ni wangapi wanaokiandika kwenye matangazo yao? Aidha, kuna huduma ya Google ya kuwaandikisha wafanyabiashara kwenye ramani yake, iitwayo Google Business Profile. Kuandikishwa ni bure, kwa hiyo anayekuja dukani kudai ada ya kukuweka kwenye ramani anakuuzia jasho lake tu, na pengine hata jasho hilo hana. Unajaza jina, aina ya biashara, simu na saa za kazi, unaweka picha ya mlango kama unavyoonekana kutoka barabarani, kisha Google huthibitisha kwamba upo kweli, mara nyingi kwa kukutaka urekodi video ya mahali penyewe. Baada ya hapo mtu aliye mita 300 kutoka kwako, anayetafuta fundi viatu, anaweza kukuona. Cha kuangalia ni kwamba jina na namba viwe vile vile kila mahali. Mwenye jina moja kwenye kibao, jingine Instagram na jingine kwenye lipa namba anamtia mteja wasiwasi wakati ule ule anapotoa pesa. Wakati huu wa matapeli, hilo tu linatosha kumfanya aghairi.

Kuhusu picha sina maneno mengi. Picha ya kuazima kutoka duka la ng'ambo huleta mteja mmoja na kufukuza kumi, maana yule mmoja atasimulia alichoagiza na alichoipata. Piga yako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha.

Sasa tuje kwenye fedha zinazotupwa. Wapo wanaonunua wafuasi ili ukurasa wao uonekane una watu 20,000. Wafuasi hao hawali, hawavai, wala hawana mguu wa kupanda daladala kuja dukani. Wapo pia wanaolipia tangazo lisambazwe, jambo ambalo si baya lenyewe, ila hawahesabu. Tuchukue mfano. Muuza vitenge analipia tangazo kwa shilingi 60,000. Linapendwa na watu 900, naye anafurahi. Wanaokuja kununua ni 4, na faida yake kwa kila doti ni shilingi 5,000. Ameingiza 20,000, amepoteza 40,000, na bado anawaambia wenzake kwamba tangazo lilikwenda vizuri sana. Mfanyabiashara huyo huyo angewaandikia wateja wake 80 wa zamani kwamba mzigo mpya umeingia, wakaja 6 tu, angepata 30,000 kwa gharama ya kifurushi cha shilingi 2,000. Lakini hakuwaandikia. Hakuwaandikia kwa sababu hajui ni akina nani.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa bidhaa na madeni. Wateja nao ni mali. Tukumbuke mwaka 2021 ulivyokuwa. Julai 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, na wafanyabiashara wake wakahamishiwa katika masoko mengine. Oktoba mwaka huo huo wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Na Oktoba 4, katikati ya misukosuko hiyo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwetu ikiwa tangu jioni hadi usiku wa manane. Kisha Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoonja adha yake. Mfanyabiashara anaweza kupoteza meza yake, na anaweza kupoteza ukurasa wake. Aliyekuwa na majina na namba za wateja wake alipiga simu akasema: nimehamia mahali fulani. Asiyekuwa nazo alianza upya kama mgeni, katika mji aliofanyia biashara miaka 15.

Orodha hiyo haihitaji utaalamu. Google Sheets ni bure na inafunguka kwenye simu. Chora safu tano: jina, namba, alichonunua, tarehe, na alikusikia wapi. Safu hiyo ya tano ina thamani kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa baada ya miezi mitatu itakuonyesha kama wateja wanaletwa na Instagram, na kibao, au na yule dada wa saluni anayekusifia bure na hujawahi kumpa hata asante. Kila mwisho wa juma nakili namba mpya kwenye daftari la karatasi. Siku intaneti ikikatika, simu ya kawaida na ujumbe mfupi bado vinaweza kukufikisha.

Hakikisha pia kwamba laini ya biashara imesajiliwa kwa jina lako na si la mpwa wako anayejua simu. Mpwa akipata kazi Dodoma, ukurasa, wateja na namba vinaweza kupanda basi pamoja naye. Weka ile namba ya siri ya tarakimu sita katika WhatsApp, na usimtajie mtu yeyote tarakimu zinazotumwa kwako kwa ujumbe, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

Onyo moja kwa wenye pupa. Namba ya mteja si kibali cha kumwingiza katika kundi la watu 200 asiowajua, wala cha kumtumia picha za sufuria kila alfajiri. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia, ambayo pia ndiyo inayosajili wakusanyaji wa taarifa. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayoeleweka na zisigeuzwe kwa matumizi mengine. Kwa hiyo unapoiandika namba yake, muulize: nikutumie habari mzigo ukiingia? Akikubali, weka alama. Akikataa, mwandikie risiti yake na umwache aende kwa amani. Na yule aliyekubali jana akasema leo inatosha, mfute siku hiyo hiyo, hata kwenye lile daftari la karatasi.