Timu Imeshindwa: Tumtoe Nani?

Timu ikishindwa, kila mtu huwa mwalimu wa mchezo. Huyu husema, "Fulani atolewe." Yule husema, "Nahodha hafai." Mwingine husema, "Tuvunje timu yote, tuanze upya."

Maneno kama hayo yalisikika nchini India mwezi wa Desemba 2020, baada ya mechi moja ya kriketi. Habari ya mechi hiyo inamfaa kila mtu mwenye timu, kamati au kikundi cha kazi.

Kriketi ni mchezo gani?

Kriketi huchezwa na timu mbili. Kila timu ina watu 11. Mrushaji hurusha mpira mdogo, mgumu. Mpigaji hushika gongo la mbao na kulinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Akiupiga mpira, yeye na mwenzake hukimbia na kubadilishana mahali. Kila wakifika salama hupata alama moja. Mpira ukifika mpakani mwa uwanja, alama ni 4 au 6.

Mpigaji hutolewa mpira ukipiga vijiti vyake, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, au yeye akichelewa kufika anapokimbia. Wapigaji 10 wakitoka, zamu ya timu imekwisha. Mechi kubwa kabisa baina ya mataifa huitwa Testi. Huchukua hadi siku 5, na kila timu hupata zamu mbili za kupiga.

Siku mbaya ya Adelaide

Tarehe 17 Desemba 2020, India ilianza Testi na Australia mjini Adelaide, huko huko Australia. India ilipata alama 244. Australia ikapata 191. Basi India iliongoza kwa alama 53, na washabiki wake walifurahi.

Siku ya tatu mambo yaligeuka. Josh Hazlewood na Pat Cummins wa Australia walirusha mpira kwa ustadi mkubwa. Wapigaji wa India walitoka mmoja baada ya mwingine. Zamu iliisha kwa alama 36 tu. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyefikisha alama 10. Ilikuwa zamu ndogo kuliko zote za India katika Testi. Kabla ya hapo ndogo kabisa ilikuwa 42, mjini London mwaka 1974. Australia ilihitaji alama 90, ikazipata kwa urahisi.

Tena, mrushaji Mohammed Shami alivunjika mkono. Naye nahodha Virat Kohli alirudi nyumbani, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, kwa kuwa mke wake alikaribia kujifungua.

Kasoro zilikuwa wapi?

Washabiki wengi walikuwa na hasira. Lakini wenye kufikiri waliipima mechi nzima, siyo ile saa moja mbaya tu.

Kwanza, walitazama uteuzi. Prithvi Shaw alianza kupiga, akapata 0 na 4. Wengi waliuliza kwa nini kijana Shubman Gill hakupangwa. Wengine waliuliza kwa nini Wriddhiman Saha alichaguliwa kudaka nyuma ya vijiti. Saha alikuwa mdakaji hodari, lakini Rishabh Pant ni mpigaji hodari zaidi.

Pili, walitazama makosa ya mchezo. Siku ya kwanza Kohli alikuwa na alama 74. Mwenzake, Ajinkya Rahane, alimwita wakimbie, kisha akamrudisha. Kohli akatolewa. Pia wachezaji wa India waliangusha mipira ya kudaka. Nahodha wa Australia, Tim Paine, aliangushwa hivyo, akaendelea hadi alama 73.

Tatu, walikubali kwamba adui alicheza vizuri. Si kila anayeshindwa ni mvivu.

Walibadilisha nini?

Testi ya pili ilianza Melbourne tarehe 26 Desemba, wiki moja tu baadaye. Viongozi wa timu walibadilisha wachezaji wanne. Gill aliingia mahali pa Shaw, na Pant mahali pa Saha. Mohammed Siraj aliingia mahali pa Shami. Mahali pa Kohli hawakuweka mpigaji mwingine. Walimweka Ravindra Jadeja, ambaye hupiga na pia hurusha. Wachezaji saba walibaki, ingawa walikuwamo katika aibu ya alama 36.

Rahane akawa nahodha. Ndiye yule aliyemponza Kohli. Melbourne alipata alama 112. Kisha Jadeja alipomwita wakimbie, yeye Rahane akatolewa. Hakumkaripia Jadeja. Alimpigapiga kumtia moyo, akatoka uwanjani. Jadeja akafikisha alama 57. Gill alipata 45, kisha 35 bila kutolewa. Siraj aliwatoa wapigaji watano. India ikashinda.

Tumtazame Siraj. Baba yake alikuwa dereva wa bajaji mjini Hyderabad. Alifariki Novemba 2020, mwanawe akiwa Australia. Siraj aliruhusiwa kurudi nyumbani, lakini alichagua kubaki na timu.

Testi ya tatu ilikwisha bila mshindi. Ya nne ilichezwa Brisbane Januari 2021. Australia ilikuwa haijashindwa Testi katika uwanja huo tangu mwaka 1988. India ilikuwa na majeruhi wengi, hata ikawaita wachezaji waliopelekwa kusaidia mazoezi tu. Katika zamu ya pili ya Australia, Siraj aliwatoa watano. Siku ya mwisho Gill alipata 91, na Pant 89 bila kutolewa. India ilifikisha alama 329 ikashinda, ikachukua mashindano kwa mechi mbili dhidi ya moja.

Tujifunze nini?

Mkulima akivuna kidogo, hachomi shamba lote. Hutazama mbegu, palizi, mvua na wadudu, kisha hurekebisha palipoharibika. Timu nayo ni hivyo hivyo. Taja kosa, usimtukane mtu. Badilisha panapohitajika, na uwe na sababu. Aliyekosea leo aweza kufaa kesho. Na vijana walio nje wafanye mazoezi, maana siku yao yaweza kufika ghafla.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini Rahane hakuondolewa baada ya Adelaide?
2. Je, ilikuwa haki kumwacha Saha, mdakaji hodari?
3. Timu au kamati yenu ilipokosea mara ya mwisho, mlitafuta kosa au mlitafuta mtu wa kulaumu?