Ubahili wa wino uliniponza!

Jamani, ubahili nao una mwisho wake! Printa yangu ya wino hapa Mtwara niliilaza miezi mitatu, eti nabana matumizi. Siku mwanangu anataka kuchapa barua ya kuombea kazi, mwisho wa kupokelewa saa 9 alasiri, karatasi ikatoka nyeupe pee!

Nikabonyeza kusafisha mara sita. Wino ukaisha, herufi hakuna. Mbio kwa fundi, pale Ligula.

"Mama, wino umekaukia kwenye vitundu," akaniambia. "Na kila ukisafisha, printa inaufyonza na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani. Hela yako imelala humo! Safisha mara mbili tu; ikigoma, iache hadi kesho."

Kumbe hata kuizimia ukutani ni kosa. Ukizima kwa kitufe chake, kichwa cha wino hurudi kwenye kifuniko, hakikauki ovyo.

Barua tulichapa kwa fundi, zikibaki dakika 20. Sasa kila Jumamosi natoa ukurasa mmoja wa rangi zote. Na wewe msomaji, kama huchapi mara kwa mara, tafuta printa ya leza: hiyo hutumia unga, na unga haukauki. Usipobana hapa utabanwa kule!