Pamoja Tulinde Maisha: Utafiti wa Tiba Katikati ya Vita

Tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo lililokwisha kuishi na vita kwa zaidi ya miaka 20. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki kati ya wagonjwa 3,470.

Katika mazingira hayo, Novemba 2018, yalianza majaribio ya dawa yaliyopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Yaliendeshwa kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya Kinshasa, INRB, iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, na watafiti wa serikali ya Marekani. Dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Je, mtu aliyekimbia risasi na sasa anaungua kwa homa anaweza kuridhia utafiti kwa hiari ya kweli? Shaka hiyo ina uzito. Hata hivyo, kuacha utafiti kungemwachia mgonjwa dawa ambazo hakuna ajuaye ipi inaponya. Ndiyo maana hakuna mshiriki aliyepewa dawa bandia. Kila mmoja alipata mojawapo ya dawa nne, kwa mpango wa bahati nasibu, pamoja na huduma ya kawaida.

Imani ya wananchi ilikuwa tatizo zito zaidi. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, na wengi wakaona ugonjwa umegeuzwa siasa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Walinzi wenye silaha waliweza kumkinga mhudumu, lakini pia walikifanya kituo kifanane na kambi ya jeshi, na mgonjwa akaogopa kuja.

Agosti 2019 majaribio yalisitishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa limepatikana. Miongoni mwa waliopewa ZMapp, takribani nusu walifariki. Kwa dawa mbili za kingamwili, mAb114 na REGN-EB3, walifariki takribani theluthi moja. Waliotibiwa kwa dawa hizo mbili virusi vikiwa bado vichache mwilini, alifariki takribani mmoja kati ya kumi.

Limebaki suala la haki. Dawa ya mAb114 ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ushirikiano ambao mwenyeji hutoa damu, kisha akaomba dawa mlangoni pa mgeni, haujatimiza methali hiyo.

Mhudumu wa afya anapoombwa kushiriki utafiti, aulize mapema sampuli zitahifadhiwa wapi na dawa itamfikiaje mgonjwa wa kijijini. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa kwa lugha yake, kukataa, na kuendelea kutibiwa hata akikataa. Vita haiondoi haki hizo; huzidisha tu wajibu wa kuzilinda.