Safari ya Seli B: Kwa Nini Dozi ya Tatu ya Chanjo ya Homa ya Ini B Haipaswi Kuachwa

Mhudumu wa afya ambaye hajachanjwa, akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina B, huwa katika hatari ya kuambukizwa inayokadiriwa kuwa kati ya asilimia 6 na 30, kulingana na hali ya mgonjwa huyo. Chanjo humkinga dhidi ya hatari hiyo. Hata hivyo, wapo wanaopata dozi mbili za kwanza, kisha wasirudi kupata ya tatu, ambayo hutolewa miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Umuhimu wa dozi hiyo hueleweka kwa kufuata safari ya seli B mwilini.

Chanjo inapochomwa katika msuli wa bega, protini yake, yaani antijeni, husafirishwa na majimaji ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani. Humo zimo seli B nyingi mno, lakini ni chache tu zenye kipokezi kinachooana na antijeni hiyo. Zikiinasa, husogea hadi mpakani mwa eneo la seli T, ambako seli T saidizi huzichochea ziongezeke. Baadhi hugeuka upesi kuwa seli za plazima zinazotoa kingamwili za mwanzo, na nyingi kati ya hizo hufa baada ya siku chache.

Nyingine hukusanyika ndani ya tezi na kuunda vituo vya uzalianaji. Kila kituo kina sehemu ya giza na sehemu ya nuru, majina yatokanayo na mwonekano wake katika hadubini. Gizani, seli hugawanyika kwa kasi, takriban kila baada ya saa 6 hadi 12, huku jeni za kingamwili zikibadilikabadilika. Kisha huhamia kwenye nuru ili zipimwe: inayoshika antijeni barabara husaidiwa na seli T na kurudi gizani kugawanyika tena, inayoshindwa hufa. Kwa mchujo huo, uwezo wa kingamwili kuinasa antijeni huongezeka wiki hadi wiki.

Seli zilizofuzu hutawanyika. Baadhi huwa seli za plazima za muda mrefu, ambazo huhamia kwenye uboho wa mifupa na kutoa kingamwili kwa miaka mingi. Nyingine huwa seli za kumbukumbu. Dozi ya tatu huzikuta seli hizo za kumbukumbu zikiwa tayari. Huzaliana upesi, na kiwango cha kingamwili hupanda kupita cha awali. Kwa hiyo, miezi ya kusubiri si muda uliopotea.

Aliyechelewa hana haja ya kuanza upya; apewe dozi iliyosalia. Mhudumu wa afya apimwe mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho: miliuniti 10 za kingamwili au zaidi katika kila mililita ya seramu huonyesha kwamba amepata kinga.